Shaba Haitaki Kubembelezwa

Upatu wa pili wa ngoma ulivunjika asubuhi, kwa pigo jepesi ambalo hata kibuyu kingelistahimili. Ma Chil-bok, mkwe wa kiume wa mwenye karakana, alikuwa akiunyoosha ukingo wake uliopinda kidogo. Aligonga mara moja, akasikia mlio mfupi, mkavu, kama wa sahani inayoanguka jikoni, kisha vipande vikalala miguuni pake.

Karakana ilikuwa na giza. Mikeka ya majani ya mpunga ilifunika madirisha yote, kwa sababu mfua shaba hupima moto kwa rangi, na rangi ya moto haionekani vizuri mbele ya jua. Bong-du, aliyepiga nyundo katika nyumba ile tangu ujana wake, aliinama akaokota kipande kimoja, akakipuliza vumbi.

"Basi," alisema. "Upatu umetushinda. Tufungue duka la vifungo."

"Nyamaza, kaka Bong-du."

"Nikinyamaza utamsikia yule aliye chumbani akicheka. Afadhali unisikie mimi."

Chil-bok alikaa juu ya fuawe, akafuta uso kwa kiganja. "Wa kwanza ulipasuka ndani ya maji. Huu sikuutia maji kabisa. Nimeulaza kwenye majivu ya moto, nikauacha upoe taratibu, kama mtoto anayebembelezwa. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa laini, kinakutii. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Mimi kazi yangu ni kupiga. Hatua ya maji mzee huifanya peke yake. Anatufukuza wote nje kama kuku, unajua mwenyewe."

Chil-bok alijua. Tangu ahamie ukweni, kila upatu ulipofikia moto wake wa mwisho, aliambiwa atoke. Alisimama uani kwenye baridi, akasikia mfoko wa maji, na mlango ulipofunguliwa aliona upatu umelowa na umepinda. Mtu aliyefua mundu na majembe maisha yake yote angedhani nini? Alidhani maji ni haraka ya mzee tu, na kwamba ndiyo yanayoupinda na kuupasua.

Ng'ambo ya ua, kwenye chumba chenye sakafu iliyopashwa joto, Mzee Pyo Dal-sik alikuwa amelala chali, mguu wake umefungwa plasta hadi pajani. Aliteleza kwenye barafu karibu na kisima siku chache baada ya mwaka kuanza. Macho yalikuwa darini, lakini masikio yalikuwa karakanani. Aliusikia mlio ule mkavu. Hakucheka, kama Bong-du alivyodhani. Alifumba macho, na kidole chake kikagonga blanketi mara moja, polepole.

Alijua kabisa upatu ule umekufa kwa ugonjwa gani. Hakumwita mtu.

*

Ok-bun, binti wa mzee, alikuwa amezoea kuandaa meza mbili. Meza ndogo ya miguu mifupi, yenye bakuli la shaba lililosuguliwa kwa majivu, ilikwenda chumba kikubwa kwa baba yake. Nyingine, yenye bakuli za stenlesi walizopewa siku ya harusi, ilikwenda chumba kidogo kwa mumewe. Yeye mwenyewe alikula jikoni, amechuchumaa karibu na moto, akiinuka kila alipoitwa. Ndivyo nyumba nyingi zilivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ni kwamba baada ya mzee kuvunjika mguu, maneno nayo yalianza kubebwa pamoja na vyombo.

"Mwambie yule mtu wa mundu," mzee alisema mchana ule, akichota wali, "kwamba mkaa haununuliwi kwa nyimbo. Umebaki wa kuyeyushia mara moja tu."

"Ana jina, Baba. Na ni mkweo."

"Mkwe ni mtu anayemchukua binti yako akampeleka kwake. Huyu amechukua binti yangu, akakaa kwangu."

Ok-bun aliichukua meza iliyokwisha kuliwa, akavuka ua uliojaa theluji.

"Baba anasema mkaa umebaki kidogo."

"Alisema hivyo tu?" Chil-bok aliuliza bila kuinua uso.

"Hivyo tu."

Alitabasamu kwa uchungu. Kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na karatasi. Alikuwa amesikia kila neno.

*

Alasiri akaja Bwana Kwak, kiongozi wa wapiga ngoma wa kijiji cha jirani. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na uchangamfu wake ndio uliowatisha watu, kwa sababu maneno mabaya aliyatoa na kicheko. Mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka ulikuwa umekaribia. Usiku huo kila kijiji kingewasha moto mkubwa na kuzunguka nyumba kwa nyumba na ngoma, kufukuza mikosi, na ngoma isiyo na upatu ni kama wali usio na chumvi.

"Nimekuja kuusikia," alisema, akikung'uta theluji viatuni.

Chil-bok hakuwa na upatu wa kumsikilizisha. Bong-du alijaribu kusimama mbele ya vipande, lakini Kwak alikuwa ameshaviona.

"Lo! Huu ndio wangu? Naona umenigawia, kila mpiga ngoma apate chake." Akacheka peke yake. "Mzee yuko hai, au?"

"Yuko hai," alisema Chil-bok.

"Na hakufundishi?"

Chil-bok alitazama nyundo yake.

"Aa. Haya, mambo ya ndani si yangu." Kwak alishusha sauti, na safari hii hakucheka. "Sikiliza, kijana. Mjini kuna patu za mashine. Sauti yake ni ya sufuria, lakini hazivunjiki. Wazee wetu hawazitaki, wanataka sauti ya Pyo. Nitawazuia hadi mkesha wa mwezi mpevu. Ukishindwa, nitanunua ya mashine, na vijiji vingine vitafuata, maana wote wananitazama mimi. Usiseme sikukwambia."

Alipotoka, alisimama uani akapaza sauti kuelekea chumba cha mgonjwa: "Mzee Pyo! Pona haraka, kazi inakungoja!"

Mzee alijivutia blanketi kichwani.

*

Jioni ile Chil-bok alitandaza kitambaa sakafuni, akaanza kukunja nguo zake. Binamu yake alifanya kazi kiwandani katika mji wa Masan, na alikuwa amemtumia salamu kwamba wanatafuta watu wanaoujua moto.

"Unakwenda wapi na soksi zenye matundu?" Ok-bun aliuliza mlangoni.

"Masan."

"Lini umeamua?"

"Kwak aliposema 'kijana'. Nina mvi, mwenzangu, na bado ni kijana wa kufundishwa, na hata kufundishwa sifundishwi." Alifunga fundo, akalifungua tena. "Wahenga walisema, mwanamume mwenye vibaba vitatu vya shayiri asikae ukweni. Mimi nilikosa hivyo vitatu. Lakini mikono ninayo."

"Na mimi?"

"Nikipata chumba nitakuita."

"Na Baba, na mguu wake?"

Chil-bok alilifunga fundo upya. Ok-bun aliketi juu ya lile furushi, kwa uzito wake wote, kama mtu anayekalia kifuniko cha pipa.

"Kwa nini hukuenda kumwuliza?" alisema. "Ni ua tu. Hata theluji nimekufagilia."

"Nimwulize nini? Ataniambia mimi ni mtu wa mundu."

"Na wewe si mtu wa mundu? Ulipoleta posa ulituletea mundu uliofua mwenyewe, na mpaka leo ndio ninaokatia mpunga. Tangu lini mundu ukawa tusi?"

Chil-bok alimtazama mkewe. Alikuwa amekonda majira haya ya baridi, na yeye hakuwa ameliona.

"Ondoka kesho ukitaka," alisema Ok-bun. "Lakini kesho mchana utakula kwanza."

*

Kesho yake mchana, Ok-bun alifungua mlango wa chumba cha baba yake akiwa amebeba meza moja kubwa, ile ya kuandalia matambiko ya wazee waliotangulia. Nyuma yake alikuja Chil-bok, amebeba jiko dogo la mkaa, bila kujua kwamba alikuwa ameitiwa zaidi ya jiko.

"Weka hapo. Kaa."

"Nile hapa?"

"Kaa."

Mzee aliinuka kwa viwiko. "Nini hii? Meza yangu iko wapi?"

"Hii ndiyo meza, Baba. Leo ni moja."

"Mtoto huyu amepata wazimu."

"Naam, nimepata. Nimevuka ule ua na meza mbili, mara tatu kwa siku, na maneno yenu juu yake kama kitoweo. Nyie hamchoki, kwa sababu mnaobebewa hamchoki. Mimi nimechoka." Aliweka bakuli katikati, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika: wali, samaki mkavu, na bakuli pana la maji baridi yenye chumvi yaliyochachuka na figili. "Mnataka kutengana, tenganeni. Lakini kwanza mniambie usoni mwangu ni kwa nini nyumba hii inavunjika, na nani anajua, na nani hataki kusema."

Wanaume wawili walitazama samaki. Chil-bok ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo.

"Baba mkwe. Wa kwanza niliutia maji, ukapasuka. Wa pili nikaulaza majivuni, ukavunjika. Shaba ni ileile, bati ni lilelile, nimepima kama unavyopima. Sijui nifanye nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mzee kwamba hajui. Taya ya mzee ilicheza, kisha akanyoosha mkono.

"Una kipande?"

Chil-bok alikuwa nacho mfukoni. Alikuwa akikibeba tangu jana, kama mtu anayebeba jino lililong'oka. Mzee alikipokea, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama palipovunjika. Unaona nini?"

"Chembe chembe. Nyeupe, zinang'aa kama chumvi ya mawe."

"Hilo ni bati." Mzee alikigonga kipande kwenye ukingo wa jiko. Kikakatika vipande viwili, tik, kama biskuti. "Shaba na bati si ndugu. Moto ndio unaowaweka nyumba moja. Ukiupoza taratibu, ukiwabembeleza kwenye majivu yako, unawapa nafasi. Kila mmoja anarudi kwa watu wake. Bati linajikusanya, linajijengea ukuta ndani ya shaba, mgumu, mkavu. Kwa nje unaona upatu mzima. Unagonga kidogo, ufa unapita ukutani."

"Lakini chuma..."

"Mimi sijui chuma."

"Chuma ni kinyume chake," alisema Chil-bok, na kwa mara ya kwanza siku zile sauti yake ilikuwa ya fundi. "Chuma cha mundu ukikitosa majini kikiwa chekundu, kinakuwa kigumu hata faili halikikwaruzi. Na kinavunjika kama kioo. Lazima ukirudishe motoni kidogo, ukitulize. Ukikiacha majivuni kinalainika. Ndiyo maana mimi..."

"Kinavunjika? Kwa maji?" Mzee alimkazia macho. "Kweli?"

"Kweli, Baba."

"Ajabu. Miaka yote nilidhani chuma kinavunjika kwa sababu wafua chuma hawana subira tu." Akakuna kidevu. "Nipe koleo. Ok-bun, pepea huo mkaa."

Alibana nusu ya kipande kwa koleo, akakizamisha kwenye makaa. Ok-bun alipepea mpaka cheche zikaruka. Mzee aliwaamuru wavute pazia, chumba kikawa na kiza, na kile kipande chembamba kikaanza kuonekana: kikawa kama damu nzito, kisha rangi ya chungwa, kama tunda la persimoni lililoiva.

"Rangi hiyo. Itie kichwani." Kabla hawajajua anachokusudia, alikichomoa, akakitosa ndani ya bakuli la figili.

"Baba! Maji yangu ya figili!"

"Yana chumvi, na ni baridi. Ndiyo ninayotaka."

Bakuli lilifoka, mvuke ukapanda. Mzee alikitoa kipande, akakiweka kwenye ukingo wa jiko, akakikandamiza kwa koleo. Chil-bok alikunja uso akingoja tik. Haikuja. Kipande kilipinda. Mzee akakigeuza, akakipinda upande wa pili, kikakubali.

"Shika mwenyewe."

Chil-bok alikishika. Kilikuwa bado na joto kidogo na kilinukia figili. Chuma kingempa jibu jingine. Hiki kilimtii vidoleni. Kilikuwa kipande kilekile kilichokatika kama biskuti kabla wali haujapoa.

"Hujaongeza kitu," alisema.

"Sijaongeza, sijapunguza. Ndani ndimo mlimopangwa upya. Maji yamewashika wangali wamechanganyika, yakawanyima nafasi ya kutengana." Mzee alivuta pumzi. "Na ule wa kwanza, ulitembea nao taratibu kutoka tanurini hadi pipani. Nilisikia hatua zako. Ulitembea kama mtu aliyebeba supu. Ulipofika majini rangi ilikuwa imeshakwenda, na ukuta umeshajengwa."

Ok-bun aliacha kupepea.

"Ulisikia," alisema. "Ulijua tangu siku ile."

Mzee alitazama plasta yake.

"Nilijua."

"Na ukalala hapo."

"Nilingoja aje aniulize."

"Mimi nilingoja uniite," alisema Chil-bok.

"Na mimi," alisema Ok-bun, machozi yakimlengalenga huku akicheka, "nilingoja siku moja nile nimekaa."

*

Asubuhi yake theluji ilikuwa imeganda, na mzee hangeweza kukanyaga. Chil-bok alikwenda kwenye kibanda cha kuni akarudi na kibebeo cha mbao cha kubebea kuni mgongoni. Akakitandikia blanketi, akapiga goti.

"Mimi si kuni," alisema mzee.

"Kuni hazisemi sana," alisema Bong-du, akimpandisha. "Panda, kaka. Kijiji kizima kingelipa kiingilio kuona hili."

Wakavuka ua hivyo, mguu wa plasta umechomoza mbele kama mlingoti, mzee akimlaani Bong-du na kumhimiza mkwewe atazame barafu. Wakamweka karibu na tanuri. Mikeka ilishushwa. Vipande vya patu mbili zilizokufa vilitiwa kwenye chungu cha kuyeyushia, mkaa wote uliobaki ukawekwa tayari, na kazi ikaanza: kuyeyusha, kumimina, kupasha moto, kupiga, kupasha tena. Nyundo zilipishana, Chil-bok na Bong-du wakijibizana kwa mapigo, na bamba likapanuka, likainua kingo zake, likaanza kufanana na upatu.

Moto wa mwisho ulipofika, Bong-du aliweka nyundo chini akaelekea mlangoni, kama alivyozoea.

"Unakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Nje. Si ndiyo sheria?"

"Leo hakuna anayetoka. Na Ok-bun aliye hapo nyuma ya mlango aingie, anasikia baridi."

Ok-bun aliingia. Wanawake hawakuingia karakana ile wakati wa moto, tangu babu wa babu. Alisimama karibu na pipa la maji ya chumvi, mikono ndani ya aproni, akaogopa hata kukohoa.

Upatu ulikuwa ndani ya makaa, rangi yake ikipanda. Chil-bok aliushika kwa koleo ndefu. Mzee aliinama mbele. Mdomo wake ukafunguka, neno liko tayari. Kisha akaufunga.

"Unaonaje?" akauliza.

"Bado," alisema Chil-bok.

Mkaa ulilia. Lilikuwa fungu la mwisho, na kila mtu mle ndani alijua hakuna upatu wa nne.

"Bado."

Damu nzito ikawa persimoni.

Chil-bok hakutembea kama mtu aliyebeba supu. Aligeuka na kuruka, hatua zake zikatikisa sakafu, na upatu ukazama majini mzima kwa mara moja. Maji yakanguruma. Mvuke ukawafunika wote, na kwa muda hakuna aliyemwona mwenzake. Katika ukungu ule walitega masikio, wakingoja mlio wa kupasuka.

Ulikuwapo mlio wa maji tu, ukififia.

Alipouinua, ulikuwa umepinda vibaya, kama kofia iliyokaliwa. Mzee akapiga kiganja kwenye plasta yake. "Umepinda! Umepinda vizuri! Sasa gonga, unyooshe, usiuogope."

Chil-bok aligonga. Upatu ukanyooka kidogo. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na mgongo wake wote ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

*

Mkesha wa mwezi mpevu, Bwana Kwak alisimama uani na kichwa kimeinama upande mmoja. Chil-bok aliupiga upatu kwa gongo lililofungwa kitambaa. Sauti ilitoka nzito na pana, ikapita juu ya mapaa ya bati, ikashuka kuelekea mashamba yaliyoganda, na mwishoni, watu walipodhani imekwisha, ikainuka tena kidogo, kama mtu anayegeuka njiani kuaga. Mbwa wa jirani akajibu.

Kwak hakuwa na mzaha. "Ni wa Pyo," alisema.

"Ni wa Ma Chil-bok," alisema mzee kutoka kizingitini, alikokuwa ameketishwa na blanketi lake. "Sauti nimemsaidia kuitafuta kidogo, masikio yangu hayajavunjika. Lakini ni wa mkwe wangu. Na ukitaka mundu mzuri wa mavuno, muulize yeye yeye. Chuma nacho kina mambo yake, hujui tu."

Chil-bok aliinama kufunga kitambaa cha upatu, na alikaa kwenye fundo lile muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Kilikuwa kile kitambaa cha safari ya Masan. Soksi zenye matundu zilikuwa zimerudi sandukuni.

Jioni, Ok-bun alipika wali wa nafaka tano kama ilivyo desturi ya siku ile. Kwa mazoea mikono yake iliandaa meza mbili, na akaileta ya kwanza, kisha ya pili. Mzee, aliyekuwa amekaa chumbani na mkwewe, aliitazama ile ya pili.

"Hiyo ya nani? Tuna mgeni?"

Ok-bun alisimama nayo mlangoni.

"Mkwe, sogea huko," mzee alisema, akiusukuma mguu wake wa plasta ukutani ili nafasi ipatikane. "Na bakuli la Ok-bun liko wapi? Anataka tumbembeleze?"

Ok-bun alihamishia bakuli za mumewe kwenye meza ya kwanza, akairudisha ile ya pili jikoni. Akachota wali wake, akaja, akakaa.